Verdicchio inapolalamikiwa mezani: anza na pua, macho na mkono

Mimi situmii kilevi. Nimelelewa Malindi, nyumba ambayo pombe haivuki kizingiti, na bado riziki yangu tangu ujana imetoka kwenye meza za Waitaliano. Wenzangu wengi wa Malindi na Watamu wako hivyo hivyo: tunafungua chupa tusizozionja, tunamimina, tunasimama pembeni tukiusoma uso wa mgeni. Uso ukikunjamana, kazi imeanza. Mgeni anasema divai mbovu, meneja anasema nzima, na wewe uko katikati umeshika chupa.

Chupa inayogombaniwa zaidi, kwa jinsi nilivyoona mimi, ni Verdicchio, divai nyeupe ya Italia. Si kwamba ni divai dhaifu. Ni kwamba tabia yake ya kawaida inafanana na ugonjwa: rangi ina ukijani, uchachu unakata, na mwisho wake ni mchungu. Asiyeijua huidhania imeharibika. Anayeijua nusunusu naye hujibu "ndivyo ilivyo" hata pale ilipoharibika kweli. Haya ndiyo niliyojifunza kuyatenganisha, ulimi nikiuachia mwenye gilasi.

Kwanza ujue umeshika nini

Verdicchio ni zabibu nyeupe ya mkoa wa Marche, upande wa mashariki wa Italia ya kati, baina ya milima ya Apennini na bahari ya Adriatiki. Jina limetoka kwenye *verde*, yaani kijani. Chupa nyingi hutoka sehemu mbili. Castelli di Jesi ni vilima vinavyouzunguka mji wa Jesi, si mbali na bahari. Matelica iko ndani zaidi, katika bonde lililolala kaskazini kwenda kusini na kuzibwa na milima, kwa hiyo hewa ya bahari haifiki kirahisi, usiku ni wa baridi, na zabibu huiva huku ikibaki na uchachu mwingi. Matelica ilipata hadhi ya DOC, ule muhuri wa kisheria wa mahali divai inapotoka, mwaka 1967. Jesi ikafuata 1968. Huo mwaka 1967 ndio satelaiti ya Waitaliano, San Marco 2, iliporushwa kutoka majini Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, na wazee wetu wakaanza kuyazoeza masikio yao Kiitaliano. Hayahusiani, ila mimi hunisaidia kukumbuka tarehe.

Soma lebo kabla ya kumsikiliza mtu yeyote. Neno *Classico* linahusu eneo la asili la kilimo hicho huko Jesi. *Superiore* ina kilevi kisichopungua asilimia 12. *Riserva* imekaa angalau miezi 18 kabla ya kuuzwa, na tangu 2010 Riserva za Jesi na Matelica zimepandishwa hadi DOCG, ngazi ya juu kabisa. Nusu ya kesi nilizowahi kuamua ziliamuliwa na maneno haya matatu na mwaka wa mavuno.

Kisha jiulize swali moja: ni chupa hii peke yake, au kasha zima? Chupa moja ikiwa mbovu na jirani zake nzima, mshuku kizibo. Zikiwa zote zina kasoro ileile, shuku joto la njiani, stoo yenu, au kiwandani kwenyewe. Swali hili lina thamani kuliko pua ya mtu yeyote, nami nilichelewa sana kulijua.

"Ndani mna vioo"

Signora mmoja aliwahi kuinua gilasi kwenye mwanga na kupiga ukelele. Chini palikuwa na chembe zinazong'aa, kali, kama sukari ya mawe iliyopondwa. Meza nzima ikaacha kula. Meneja wa siku ile alimwaga chupa na kasha zima nyuma yake, akaogopa kesi. Yalikuwa makosa ya gharama, maana zile zilikuwa fuwele za asidi ya tartari iliyoungana na potasiamu. Zabibu zote zinayo asidi hiyo, na Verdicchio, kwa uchachu wake, inayo ya kutosha. Divai ikipoa sana, chumvi hiyo hushindwa kuendelea kuyeyuka, ikaganda na kuzama. Viwanda vingi huizuia kwa kuipoza divai hadi chini ya sifuri kabla ya kuitia chupani, ili fuwele zibaki kwenye tangi. Wengine hawataki kuisumbua divai yao kiasi hicho.

Jaribio ni dogo. Chota chembe kwa kijiko, uzitie kwenye kikombe cha maji ya moto, ukoroge. Fuwele zitayeyuka. Kioo hakiyeyuki. Lifanye mbele ya mgeni, kwa utulivu, bila kujionyesha kuwa mwalimu. Halafu mimina taratibu, ukibakisha divai ya upana wa kidole kimoja ndani ya chupa. Ila mdomo wa chupa ukiwa umemeguka, usijaribu lolote. Ondoa.

"Ina ukungu"

Hapa tazama namna ya ukungu. Ukiwa kama maji ya kuoshea mchele, umetanda sawasawa, na divai ilikuwa safi ulipoipokea, basi yaelekea ni protini za zabibu zilizovurugwa na joto. Kiwandani protini hizo hunaswa kwa udongo wa bentonaiti. Wakitia kidogo mno, divai hutoka safi Italia, ikapikwa njiani, ikachafuka mbele yako. Haidhuru mwili, lakini ni ushahidi kwamba kasha limeona jua, na ni vyema ukaangalia dalili nyingine za joto nilizozieleza chini.

Ukungu ulioambatana na povu dogo na harufu ya mkate usioiva ni jambo jingine: chachu imeamka chupani. Na zipo Verdicchio zinazouzwa makusudi bila kuchujwa, zenye mashapo. Lebo itasema.

"Inachoma ulimi, kama soda"

Vitone vichache vya hewa vilivyong'ang'ania ukuta wa gilasi, divai ikiwa changa na angavu, si kasoro. Divai iliyochachuliwa baridi kwenye matangi ya chuma na kutiwa chupani mapema hubaki na gesi kidogo. Izungushe kwenye gilasi mara kadhaa, itaondoka. Gesi ikiwa nyingi, divai ikiwa na ukungu, na kizibo kikiwa kilikutoka mkononi chenyewe, basi imechachuka upya. Hiyo haiuziki. Lakini kabla ya kumkosoa mtu, angalia kama lebo haikuandika *spumante*. Verdicchio hutengenezwa hivyo pia, na nimeshuhudia mhudumu akirudisha chupa nzima ya divai ya povu kwa kosa la kuwa na povu.

"Haina harufu yoyote"

Hili ndilo lalamiko la kila wiki, na karibu kila mara mkosaji ni sisi. Jokofu la baa liko kwenye nyuzi 4 au pungufu, kwa sababu ndimo mnamokaa bia. Verdicchio ikitoka humo huwa bubu. Mbaya zaidi, baridi kali huficha tunda na kuacha uchungu na uchachu vikisimama peke yao, kwa hiyo mgeni analalamika mambo matatu kwa mpigo na yote yana chanzo kimoja.

Tumia mkono. Chupa ikikuuma kiganjani, imepitiliza. Verdicchio changa inataka nyuzi 10 hadi 12. Riserva ipandishe hadi 14. Mwambie mgeni aikumbatie gilasi kwa viganja dakika tano, kisha arudi kunusa. Katika joto letu hata hizo tano ni nyingi. Ikirudisha tufaha la kijani, limau, maua meupe, na kile kiharufu cha shamari kinachowapendeza Waitaliano, kesi imefungwa.

Ikiwa dakika kumi zimepita na bado imekufa, mshuku kizibo.

"Inanuka boksi lililoloa"

Pua yangu inaiamini hii kuliko zote. Ni harufu ya kadibodi iliyonyeshewa, ya godoro lililosahauliwa kwenye stoo wakati wa masika. Chanzo ni kemikali iitwayo TCA, ambayo huzaliwa kuvu wakikutana na vitu vya jamii ya klorini kwenye gome la kizibo. Nanogramu chache kwa lita zinatosha kuiharibu chupa. Haimdhuru mnywaji. Inamwibia tu alicholipia.

Kuna mtego. TCA ikiwa kidogo hainuki kabisa. Inachofanya ni kuzima harufu nyingine, na Verdicchio ambayo kwa asili ni mpole wa harufu huonekana tu haina habari. Ndipo lile swali la kasha linapokuokoa. Fungua jirani yake ya mwaka uleule, mimina kidogo kidogo kwenye gilasi mbili, zinuse zamu kwa zamu. Moja ikiwa hai na nyingine imelala, umeshapata jibu, na hukuhitaji kuonja. TCA haitibiki mezani. Usiambiwe uiache ipumue. Ikipumua hunuka zaidi.

Usimpe mgeni kizibo anuse kama ushahidi. Kizibo kizuri nacho hunuka kizibo.

"Inanuka yai viza"

Yai viza, njiti ya kiberiti iliyozimwa, wakati mwingine mpira uliochomeka. Hizi ni gesi za salfa, hasa hidrojeni salfaidi, inayotolewa na chachu iliyofanya kazi na njaa ya nitrojeni. Divai ikifungwa kwa kifuniko cha kuzungusha, kinachozuia hewa kuliko gome, harufu hiyo hukosa pa kutokea. Dawa ni hewa: mimina kwenye jagi kwa kishindo, rudisha, subiri robo saa. Ikiwa ni ya kawaida itaondoka na mgeni atashangaa. Ikibaki, hasa ikielekea vitunguu au kabichi iliyochemka, imeshajigeuza kuwa kitu ambacho hewa haikiwezi.

Wapo wanaofundisha kutumbukiza sarafu ya shaba. Kikemia kuna ukweli, shaba hunasa salfa. Lakini mimi siwezi kutia sarafu iliyopita mikono ya sokoni ndani ya gilasi ya mtu, na nakuomba usifanye.

Kuna binamu wa kasoro hii: chupa nyeupe ya kioo cha wazi iliyopangwa kwenye rafu ya baa, taa juu yake miezi miwili. Mwanga huamsha vitamini iliyomo kwenye divai, ikavunja viambata vya salfa, na matokeo ni harufu ya kabichi. Hapa kasha la stoo litakuwa zima na zile za rafuni zote zitakuwa mbovu. Hamisheni rafu.

"Chungu!"

Uliza ni wapi inapouma. Swali hili linamshangaza mgeni, lakini jibu lake ndilo utambuzi wenyewe.

Akisema ni mwishoni, baada ya kumeza, kama ganda la lozi, basi hiyo ndiyo Verdicchio yenyewe. Watu wa Marche hawaombi radhi kwa uchungu huo. Wanainunua divai kwa ajili yake. Kwao divai hii huambatana na *brodetto*, mchuzi wa samaki wa aina nyingi wa mji wa Ancona, na uchungu ule husafisha mafuta na chumvi ya samaki. Mletee mgeni kitu chenye chumvi na mafuta kidogo: ngisi wa kukaanga, au hata dagaa wakavu wa kukaanga. Kisha muulize tena. Nimeona nyuso zikifunguka kwa kipande kimoja cha ngisi.

Akisema ni tangu mwanzo, na ulimi unakauka na kujikunja kama aliyetafuna ndizi mbichi, huo ni ukakasi, si uchungu wa asili. Huenda zabibu zilikamuliwa kwa nguvu kupita kiasi, maganda na kokwa zikatoa vilivyomo. Huenda pia ni divai iliyolazwa na maganda kwa makusudi. Rangi yake itaelekea machungwa na mtengenezaji ataijivunia kwenye lebo. Bila maelezo hayo, na bei ikiwa ya chini, ni kazi mbaya tu.

"Chachu mno"

Matelica, hasa ya mwaka wa baridi, inakata. Hilo ni umbile. Mgeni akiwa na sahani ya tui la nazi, uchachu huo ni rafiki. Akiwa anakula saladi iliyokamuliwa ndimu nzima, divai itaonekana bapa na isiyo na nguvu badala ya kuwa kali. Utamu hufanya kinyume, huuzidisha uchachu. Kwa hiyo mgeni anayesema "chachu" huku anakula peremende au kitu kitamu, tatizo liko kwenye sahani.

Tofautisha na siki. Siki huijua pua kabla ya ulimi, na mara nyingi huja na harufu ya rangi ya kucha. Hapo bakteria wa asidi ya siki wameshaingia. Katika hoteli, asilimia kubwa ya kesi hizi ni chupa inayouzwa kwa gilasi ambayo hakuna anayekumbuka ilifunguliwa lini. Siku tatu kwenye jokofu, ikiwa imezibwa, Verdicchio huvumilia. Andika tarehe kwa kalamu shingoni mwa chupa. Nimesema hili kwa miaka na bado nakuta chupa zisizo na tarehe.

"Imegeuka rangi"

Ukijani hafifu ni jina lake, tumeshamaliza. Shida ni dhahabu na kahawia.

Hapa niliwahi kuaibika. Niliipeleka chupa ya dhahabu iliyokolea jikoni nikidai imekufa, na mzee mmoja wa Kiitaliano akainuka mezani kuifuata. Ilikuwa Riserva ya miaka minane. Verdicchio ni miongoni mwa divai nyeupe za Italia zinazozeeka vizuri, na miaka kumi si ajabu kwa chupa nzuri. Uchachu uleule unaolalamikiwa ujanani ndio unaoihifadhi. Mzee alininusisha: asali, lozi za kukaangwa, mimea mikavu. Rangi ilikuwa ya uzee na harufu ilikuwa ya uhai.

Tangu hapo nasoma rangi na harufu kwa pamoja, pamoja na mwaka. Dhahabu, mwaka wa zamani, harufu ya asali: nzima. Dhahabu, mwaka wa juzi, harufu ya tufaha lililomegwa na kuachwa mezani: hewa imeingia. Kahawia ya chai: imekufa, usihangaike nayo.

Hewa ikiwa imeingia, rudi kwenye kasha. Chupa moja tu, ni kizibo kilichovuja. Kasha zima, ni joto. Na joto ndilo adui wetu mkubwa huku, maana kontena limepita Mfereji wa Suez na Bahari ya Shamu, likakaa bandarini Mombasa, likapandishwa lori, likaishia kwenye stoo ambayo umeme ukikatika kiyoyozi hulala nao. Alama za joto ziko nje ya chupa: kizibo kilichojiinua juu ya mdomo, ukoko unaonata chini ya kifuniko cha shingo, kiwango cha divai kilichoshuka ilhali mwaka ni wa karibuni. Vipitie vitu hivi siku ya kupokea mzigo, mbele ya dereva, kabla ya kusaini. Baada ya kusaini ni yako.

Hakikisha tu kwamba hakuna mtu aliyeitia chupa kwenye friza na kuisahau, kwa sababu divai ikiganda nayo husukuma kizibo vilevile.

"Hii si Verdicchio"

Mara nyingine mgeni ana haki. Amepewa Verduzzo, zabibu nyingine kabisa ya kaskazini-mashariki mwa Italia ambayo mara nyingi hutengenezwa tamu, na aliyemletea alisoma herufi nne za mwanzo. Verdejo ya Uhispania nayo hukumbwa na mkosi huohuo. Ikiwa tamu na lebo inasema Verdicchio, tafuta neno *passito*, yaani zabibu zilikaushwa kwanza.

Mara nyingine analalamika kinyume: anaapa hii ni Lugana, ile ya Ziwa Garda. Usimcheke. Vipimo vya DNA vimeonyesha kwamba zabibu ya Lugana, ambayo huko huitwa Turbiana au Trebbiano di Lugana, ni jamaa wa damu moja na Verdicchio. Ana ulimi mzuri.

Na mzee atakayekataa chupa kwa sababu haina umbo la mtungi mwembamba kiunoni, mwambie umbo lile ni la kampuni moja, Fazi Battaglia, waliochorewa na msanifu Antonio Maiocchi miaka ya 1950. Liliijulisha Verdicchio duniani, kisha likaifanya idhaniwe ni divai ya watalii. Wazalishaji wengi wa leo wanatumia chupa za kawaida.

Chupa nzima, mgeni hataki

Hutokea. Umepima joto, umefungua jirani, pua imekubali, na bado hataki. Usibishane. Iondoe, mletee nyingine ya zabibu tofauti, si Verdicchio ya pili. Ile ya kwanza andika tarehe shingoni, izibe, mpe mpishi. Kwa kamba wa kitunguu saumu haina mpinzani, na kilevi chake huondoka na mvuke, au angalau hivyo ndivyo mpishi wetu alivyoniambia. Mimi kamba wake pia siwali.